Jua la Bure la Kinampanda

Jua la Singida halina mgao. Mvua tunapimiwa, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kuna miaka mawingu yanatupita juu kana kwamba yana miadi Babati. Lakini jua linatufikia wote, mwenye bati na mwenye tembe, mwenye kofia na kipara. Ndiyo maana alizeti imetukubali. Na ndiyo maana yeyote aliyewahi kusimama saa saba mchana kwenye nyanda za juu za Iramba, mawe makubwa yakimrudishia joto kutoka chini, huamini kwamba umeme wa sola ni kufunga na kuwasha tu.

Mimi nina sababu ya ziada ya kuamini hivyo: ni mhasibu. Nafanya kazi Dodoma, na kwenye shamba alilotuachia marehemu mama, nyuma ya vilima upande wa Kinampanda, nimejenga kibanda cha vyumba viwili cha matofali ya kuchoma. Likizo nakipumzikia, mavuno nahifadhia alizeti. Mkabala na kibanda anaishi Mama Mkubwa, dada yake mama, kwenye nyumba yake ya siku zote. Ng'ambo ya korongo anaishi shemeji, mume wa dada yangu, mtu anayependa sana kusaidia. Nitamrudia.

Nguzo za umeme zimefika Kinampanda zamani. Ukipita usiku unaona taa za Chuo cha Ualimu, unaona taa za maduka, unaona vijana wamekaa chini ya taa bila sababu maalumu. Ila kitongoji chetu kimejificha mbali na laini, na zile shilingi 27,000 za kuunganishiwa umeme vijijini ni za mtu ambaye nguzo imeshamsogelea. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Kibanda changu kinataka taa nne, redio, chaji ya simu mbili na televisheni ndogo. Sikuona haja ya kuisumbua Rufiji.

Nikachukua daftari. Taa nne za wati 5 kwa saa tano kila usiku, hiyo ni wati-saa 100. Redio ya wati 10 kwa saa sita, 60. Simu mbili, 20. Televisheni ya wati 30 kwa saa tatu, 90. Jumla 270. Upande wa mapato, paneli ya wati 100 ikipata saa tano za jua kamili inaleta 500. Toa vumbi, toa joto, toa kinachopotea kwenye waya na betri, hata zikibaki 350 bado kuna chenji. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, na kwa kuwa betri za risasi na tindikali hazipendi kunyonywa kupita nusu, tuhesabu 600. Hizo ni siku mbili za mawingu. Singida, mawingu ya siku mbili! Nikafunga daftari. Katika hesabu zote nilizowahi kufunga, hizo ndizo pekee ambazo sikuona mkaguzi angeuliza nini.

Hesabu za sola, popote zilipoandikwa, zina safu ya taa, safu ya saa na safu ya wati. Hazina safu ya shemeji.

Ununuzi ulikuwa mjini Singida. Jambo la kwanza la kujua kuhusu paneli ni kwamba haina haya; itaandikwa chochote mgongoni na itanyamaza. Jua kali la mchana humwaga nguvu ya takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba, na paneli nzuri ya siku hizi hugeuza kama sehemu moja kwa tano kuwa umeme. Kwa hiyo paneli ya wati 200 lazima iwe na eneo la karibu mita moja ya mraba, ipende isipende. Kwenye duka moja nilioneshwa paneli ya "wati 300" ambayo ningeweza kuibana kwapani pamoja na gazeti.

"Hii ndogo hivi inatoa mia tatu?"

"Teknolojia mpya, bosi."

"Jua la wati mia tatu inalipata wapi?"

Muuzaji akaigeuza, akasoma kibandiko kwa makini. "Ujerumani," akasema.

Nikaenda duka la pili, nikapata paneli inayofanana na maandishi yake: wati 100, ndefu karibu mita moja na nzito mkononi. Nikaongeza chaji kontrola, inveta ya wati 500, na betri ya sola. Hapo kwenye betri pana vita. Kila mtu dukani, wakiwemo wateja waliokuja kununua balbu, alinishauri nichukue ya gari kwa sababu "ni ileile". Si ileile. Ya gari imeumbwa kutoa mkupuo mkubwa wa sekunde chache, injini iwake, kisha ipumzike. Ukiifanyia kazi ya kuwasha taa usiku kucha inakonda na kufa mapema. Za lithiamu zipo, na ni nzuri, na bei yake nilipoisikia niliuliza habari za nyumbani kwao nikaaga.

Kwenye basi la kwenda Misigiri konda aliitazama paneli, akatoa hukumu. "Hiki ni kioo. Kioo kinakaa kiti." Nikakilipia nauli. Kikakaa dirishani upande wa jua, kikapigwa na jua njia nzima bila kumfaa mtu. Betri ikasafiri katikati ya miguu ya mzee mmoja ambaye aliniuliza, kwa utulivu, kama ikilipuka itaanza upande wake au wangu.

Kutoka Misigiri ni bodaboda, na hapo nikajifunza kwa nini watu wamezungumzia kwa miaka mingi kuweka mitambo ya umeme wa upepo mkoani Singida. Nimekaa nyuma nimekumbatia paneli kifuani, upepo ukaingia, na pikipiki ikageuka dau lenye tanga. Tulipopanda kilima tulikuwa tunaelekea kitongojini. Tulipofika juu tulikuwa tunaelekea shambani kwa mtu. "Mzee, ilaze!" dereva akapiga kelele. Nikailaza. Sasa ikawa inatunyanyua. Tulifika, lakini dereva aliomba nyongeza ya hatari, na ingawa si desturi yangu kulipa gharama isiyo na stakabadhi, hiyo nililipa.

Likizo ilikuwa imekwisha. Nikarudi Dodoma na kumwachia shemeji jukumu la kumsimamia fundi. Baadaye akanipigia. "Shem, kila kitu tayari. Fundi ni mtaalamu kweli, anafuata video hatua kwa hatua."

"Taa zinawaka?"

Kimya kidogo. "Zinawaka. Ila kwa aibu."

Nilipofika tena ilikuwa mwezi wa sita, na nilianza kuona kazi ya fundi kutoka mbali, kabla hata sijaona kibanda. Paneli ilikuwa imeinuliwa mno juu ya bati, imeipa mgongo kaskazini. Ile video, nilikuja kugundua, ilitengenezwa katika nchi za baridi, ambako jua huonekana upande wa kusini na paneli huinamishwa sana ili ilipate jua la chini na theluji iporomoke. Fundi hakupunguza hata digrii moja. Kwa upande wa theluji, Kinampanda tulikuwa salama.

Jua la mwezi wa sita, kwetu tulio digrii nne na ushei kusini mwa ikweta, saa sita mchana liko upande wa kaskazini. Ukiigeuzia paneli kusini kwa mwinamo wa digrii arobaini, jua linaipiga kwa ubavu, na unavuna kama theluthi moja tu ya ilichopaswa kupata saa hiyo. Nililieleza hilo kwa fundi na shemeji nikiwa na kijiti na mchoro mavumbini. Fundi alisikiliza kwa heshima kisha akanionesha video tena.

Shemeji naye alikuwa na nadharia yake. "Shem, sisi wakulima. Nani anayejua jua kuliko alizeti?" Akaonesha mabua ya mwisho yaliyobaki kwenye shamba la jirani, vichwa vyote vimetazama mashariki. Kabla sijajibu alishapanda ngazi.

Ni kweli kwamba alizeti ikiwa changa hulifuata jua, asubuhi mashariki, jioni magharibi, na usiku inarudisha shingo kusubiri kesho. Lakini ikishakomaa inaacha. Inabaki imetazama mashariki moja kwa moja. Imestaafu. Shemeji aliipangia paneli ratiba ya mstaafu: ilifanya kazi kwa bidii hadi saa tano asubuhi, halafu siku nzima iliyobaki ikawa inatazama korongo.

Aliyemaliza ubishi ni Mama Mkubwa, ambaye muda wote alikuwa chini ya mwembe anapembua mtama na kutusikiliza kwa sikio moja.

"Shikamoo Mama, na wewe unasemaje?" shemeji akamuuliza, kwa utani.

"Marahaba. Mimi nahamisha kigoda tu," akasema. "Mwezi huu, saa sita, kivuli cha mwembe kiko huku nyuma, upande wa kusini. Mwezi wa Krismasi kinahamia mbele, kwenye zizi. Sasa kama kivuli kiko kusini, hilo jua limekaa wapi?"

Fundi akatazama mwembe, akatazama simu yake, akaizima.

Na hiyo ndiyo sayansi yote. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Katikati hapo linahamia kaskazini miezi mingi ya kiangazi, na linakwenda kusini wakati wa mvua, ambapo mara nyingi kuna mawingu kwa vyovyote vile. Paneli ya Kinampanda inatakiwa ilale karibu kama bati lenyewe, iinamie kaskazini digrii kama kumi hivi, kiasi cha mvua kuosha vumbi. Mama Mkubwa alikuwa na taarifa hizo tangu kabla ya uhuru. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Paneli ikageuzwa. Taa ziliongezeka mwanga, lakini haya haikuziisha. Tukafuatilia waya. Hapo ndipo nilipogundua kwamba betri haikuwa kibandani kwangu kabisa. Shemeji, kwa kuhofia wezi, alikuwa ameiweka chumbani kwa Mama Mkubwa, chini ya kitanda. "Betri inalala kwa mtu mzima," alieleza, na kweli hakuna mwizi wa tarafa nzima ambaye angethubutu. Kwa hiyo umeme ulitoka kwenye paneli juu ya bati langu, ukavuka uwanja kwa waya mwembamba wa spika hadi chini ya kitanda cha Mama Mkubwa, ukalala hapo, na jioni ukavuka tena uwanja kurudi kwangu.

Shaba ina upinzani wake. Hata waya wa milimita za mraba 1.5, ukiupitisha umeme wa ampea tano kwenda mita ishirini na kurudi, unakula zaidi ya volti mbili njiani. Na wa spika ni mwembamba kuliko huo. Umeme wa nguzo, wenye volti 230, ungepoteza mbili bila kustuka. Sisi tulikuwa na kumi na mbili. Umeme wetu ulikuwa unafika taani umechoka.

"Dawa ni mbili," fundi akasema, na safari hii alikuwa sahihi. "Ama ununue waya mnene, ama paneli iifuate betri." Bei ya waya mnene wa shaba ilitajwa. Na betri? Betri haiwezi kuondoka, Mama Mkubwa ameshaizoea. Basi paneli ikateremshwa kutoka kwangu na kupandishwa kwake. Kontrola ikafungwa ukutani kwake, juu ya picha ya harusi. Inveta ikapata meza yake yenye kitambaa cha kufuma. Hivyo ndivyo sola ya kibanda changu ilivyohamia kwa Mama Mkubwa, kwa sababu za kifizikia kabisa, na mimi nikabaki na waya mmoja unaoning'inia uwanjani na taa moja ya hisani.

Bati la Mama Mkubwa lina wenyeji wake. Kuku wa Singida ni kuku wa kujulikana. Wanapanda mabasi hadi Dar es Salaam, na kwenye hoteli za huko watu huwaulizia kwa jina la mkoa. Kuku wa namna hiyo hajioni kuwa mdogo wa mtu. Waliposhuka mwembeni alfajiri na kukuta kitu kipya, laini, chenye joto zuri, kimewekwa juu ya nyumba yao, walikichukulia kama maendeleo.

Paneli ya aina hii ina seli 36 zilizoungwa mkufu, umeme unapita kutoka moja hadi nyingine. Ukiifunika moja tu, mkufu mzima unabanwa, kwa sababu zilizobaki haziwezi kupitisha zaidi ya ile iliyo gizani. Kuku mmoja aliyekaa anafunika seli kadhaa. Kuku aliyeondoka anaacha kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ikikauka juani inashika barabara. Mwaka 1958 Wamarekani walirusha angani setilaiti ya Vanguard 1 yenye seli ndogo za jua. Redio yake ya betri ilikata ndani ya miezi michache, lakini ile ya jua iliendelea kutuma ishara hadi 1964. Wataalamu wanasifu ubora wa seli. Mimi nasema huko juu hakukuwa na kuku.

Kuwafukuza haikuwezekana. Jogoo mkubwa, kinara wa uvamizi, alikuwa ametengwa kwa ajili ya posa ya binamu yangu, na Mama Mkubwa alitoa onyo kwamba kuku anayestushwastushwa hanenepi. Shemeji akajitolea. Akatengeneza sanamu la kutishia ndege, lenye koti langu la zamani, mikono imenyooshwa, akalisimamisha juu ya bati pembeni ya paneli. Kuku waliliogopa kweli. Walihama wote siku hiyohiyo. Taa nazo zikafifia kuliko wakati wa kuku. Ikabidi nipande mwenyewe kuchunguza. Kivuli cha sanamu, na mikono yake yote miwili, kilikuwa kimelala juu ya paneli kuanzia saa tatu hadi saa nane.

Suala la maji ya betri nalitaja kwa haraka kwa sababu bado linaniuma. Betri ya maji hupungua, huongezwa maji yaliyotoneshwa, yale ya chupa yanayouzwa sheli. Mama Mkubwa aliona yamepungua, akaongeza ya kisimani. Nilipomaka, alinitazama kwa huruma. "Nimeyachemsha, mwanangu. Mara mbili." Ningemwambiaje? Kuchemsha kunaua vijidudu, na betri haina tumbo la kuendesha. Kinachoidhuru ni chumvi na madini, na hayo ukichemsha yanabaki sufuriani yakiwa makali zaidi. Huu ni mkoa ambao makao yake makuu yamekaa kando ya maziwa ya chumvi, Singidani na Kindai. Nikasema ahsante, Mama.

Sasa tuje kwenye ile safu inayokosekana.

Alianza mpwa mmoja na simu yake. Kisha rafiki wa mpwa. Kisha watu ambao uhusiano wetu ulihitaji karatasi na kalamu. Simu moja si kitu, kama wati-saa kumi hivi. Lakini kitongoji kizima kilipopata habari kwamba kuna umeme usio na nguzo, simu zilikuja kwa kikapu. Mtu halipwi na nduguye kwa kitu kinachotoka mbinguni. "Si jua hili, shem? Kwani umelinunua?" Akaja kinyozi na mashine yake, akaweka kiti chini ya mwembe. Akaja kijana mmoja na pasi ya umeme ili anyooshe suti ya harusi. Pasi ya wati 1,000 kwenye inveta ya wati 500 haihitaji maelezo marefu: inveta ilipiga yowe moja la kwenye msiba, ikazima, na kijana akaenda harusini na suti ya mikunjo akidai kwamba sola ni utapeli.

Halafu ikaja siku ya Simba na Yanga.

Nilikuwepo, kwa hiyo nasimulia nilichokiona. Saa tisa sebule ya Mama Mkubwa ilikuwa imejaa. Saa kumi ilikuwa imejaa hadi dirishani, na mwenyekiti wa kitongoji amepewa kigoda cha mtama. Nyumba ilishakuwa kibanda umiza, tofauti ni kwamba hakukuwa na kiingilio. Mimi macho yangu hayakuwa kwenye mpira, yalikuwa ukutani, juu ya picha ya harusi, kwenye vile vitarakimu vya kontrola. Siku hiyo kulikuwa na mawingu. Televisheni ilikuwa imewashwa tangu adhuhuri kwa ajili ya uchambuzi, na uchambuzi kabla ya mechi hii ni mrefu kuliko mechi. Kipindi cha kwanza kilianza tukiwa na volti 12.1. Mapumziko, 11.7. Nikapendekeza tuzime kidogo wakati wa matangazo. Nikatazamwa.

Dakika ya themanini na kitu, sare, mwamuzi akanyoosha kidole kwenye nukta ya penalti. Nyumba ikalipuka. Mpigaji akauweka mpira, akarudi nyuma, akashika kiuno. Inveta ikaanza kulia pii, pii, pii. Mtu akasema izimeni hiyo kengele. Mpigaji akaanza kukimbia.

Kontrola hukata umeme betri inaposhuka hadi karibu volti 11, ili isife. Hilo ni jambo jema na limeandikwa kwenye kijitabu chake.

Giza la sebule ile lilikuwa na sauti nyingi, na sauti zote zilikuwa zinaniita mimi. Wa Simba walisema imeingia. Wa Yanga walisema imepaa. Mtu akapata wazo la busara: tufungue TBC Taifa kwenye simu. Ndipo ikagundulika kwamba simu za kitongoji kizima zilikuwa kwenye kikapu cha Mama Mkubwa, zimezima, zikisubiri chaji, kwa sababu soketi ilikuwa imepewa televisheni. Vijana wawili walitumwa kwa miguu hadi Kinampanda. Walirudi asubuhi, mmoja akisema moja bila, mwingine akisema walikuta watu wengine wanabishana kuhusu mechi nyingine.

Shemeji hakulala kwa aibu, na akatafuta suluhisho. Alitafuta chanzo cha tatizo, akakiona: ni kile kidude kinachokata. Akakiruka. Akaunganisha televisheni moja kwa moja kwenye betri, na kwa wiki kadhaa kitongoji kilimwita injinia. Betri ikawa inanyonywa hadi tone la mwisho kila usiku. Betri ya risasi ikiachwa tupu, salfeti ya risasi inaganda kwenye sahani zake na kuwa ngumu, na kila sehemu iliyoganda haichaji tena. Ile ampea-saa 100 ya dukani ikawa 60, ikawa 40, kisha taa zikawa zinazima kabla ya taarifa ya habari. Watu walisema jua la mwaka ule lilikuwa hafifu.

Sikuwepo hatua iliyofuata ilipochukuliwa. Niliikuta imekamilika niliporudi Desemba: betri mpya chini ya kitanda, kidude kimerudishwa ukutani na kufungiwa ndani ya boksi la mbao lenye kufuli, na ufunguo uko shingoni kwa Mama Mkubwa pamoja na msalaba wake. Juu ya bati, paneli ya pili. Chini ya mwembe, benchi la wateja. Pasi marufuku. Televisheni ni taarifa ya habari na mechi kubwa tu, na siku ya mechi chaji ya simu inasimama tangu jana yake. Kinyozi analipa kwa siku, simu shilingi 300. Mpwa anapanda juu asubuhi na kitambaa kufuta vumbi na mengineyo. Jogoo alishakwenda kwenye posa. Shemeji ameteuliwa mlinzi wa soketi, kazi isiyohitaji kugusa waya.

"Betri ulinunua wewe, Mama?"

"Ilijinunua," akasema, akanisogezea daftari.

Lilikuwa daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na nimeshaona vitabu vya hesabu vya ofisi kubwa visivyofikia unadhifu ule. Mapato kushoto, matumizi kulia, maji ya betri kwa chupa, akiba ya betri ijayo pembeni. Sikupata kosa hata moja, na nilitafuta. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa wadaiwa, na ulikuwa na jina moja tu. *Mwenye sola (Dodoma). Simu mbili. Mwezi wa sita. Hajalipa.*

"Mama, lakini mimi..."

"Wewe si mhasibu?"

Nikatoa buku. Mama Mkubwa akakata deni la mia sita, akaweka tiki kwa kalamu nyekundu, akaitazama simu niliyoshika.

"Na ya leo nikate humohumo?"

Akanirudishia mia moja, pamoja na namba yangu ya foleni.